Saa Mbili Chini ya Paa la Bergen

Mmeuliza wiki hii: katika safari ndefu kuliko zote ulizowahi kusafiri, ni siku gani imekukaa moyoni? Yangu ilikuwa ya miezi tisa, mwaka 2019, ndani ya meli ya kitalii, na siku yenyewe ni ya mvua. Sikuwa abiria. Nilikuwa natandika vitanda.

Nilipanda Southampton, Uingereza, mwezi wa Januari. Kwa zaidi ya siku mia moja tuliizunguka dunia kuelekea magharibi, kisha kuanzia Mei tukawa tunapeleka wageni Norway na kurudi. Watu wa kwetu Mombasa wakisikia hivyo huniambia, "Wewe umeiona dunia!" Nami huwa sina moyo wa kuwakatalia, lakini nyinyi mmeuliza kwa dhati, basi nitasema. Mfereji wa Panama niliuona kupitia dirisha la chumba cha mgeni, foronya mkononi, na nilichokiona ni ukuta wa zege uliolowa, karibu kiasi cha kuugusa. Auckland ilinikuta kwenye zamu ya kubaki, maana meli ikiwa gatini haiachwi tupu. Lazima wabaki watu wa kutosha kuzima moto na kushusha mashua likitokea la kutokea. Singapore nilinunua sabuni na dawa ya meno nikarudi mbio. Tulipovuka mstari wa tarehe katika Pasifiki tulilala Jumatatu tukaamka Jumatano, na ile Jumanne hakuna aliyeilipia.

Kabini yetu ilikuwa chini kabisa, haina dirisha. Vitanda viwili vya kupandana, kila kimoja na pazia lake, na ukishalivuta pazia ndiyo umeingia nyumbani kwako. Mwenzangu alikuwa dada kutoka Cebu, Ufilipino, ana watoto wawili aliowaacha kwa mama yake. Ukitoka mlangoni unaingia kwenye ushoroba wa wafanyakazi, mrefu kutoka omo hadi tezi, ambao mabaharia wengi huuita I-95, jina la barabara kuu ya mashariki mwa Marekani. Humo hupita kila kitu: masanduku ya wageni, mikokoteni ya mashuka, mapipa ya taka, watu wanaokwenda kazini na wanaotoka, usiku na mchana. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unampa baharia angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, ila unaruhusu zikatwe vipande viwili. Kwa hiyo usingizi wetu ulikuwa wa viraka. Unalala, unaamka, unavaa, unafanya vyumba kumi na sita, unarudi kulala tena. Na kila mara king'ora cha mazoezi, mara saba kifupi na moja kirefu, unachukua jaketi la kuelea unakwenda kusimama kwenye kituo chako.

Bergen, mji wa bandari wa Norway, tuliingia mwanzoni mwa Septemba, wiki tatu kabla mkataba wangu kwisha. Kulikuwa na mvua tangu usiku. Mji ule umezungukwa na milima saba, na upepo wenye unyevu wa Atlantiki ukiigonga milima hiyo hauna pengine pa kumwaga mzigo wake. Kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua, kama mara mbili ya Mombasa. Kuanzia mwisho wa Oktoba 2006 hadi Januari 2007 ilinyesha siku 85 mfululizo. Wenyeji hawakimbii mvua. Wanatembea nayo, watoto wamevaa makoti ya mpira, hakuna anayetazama juu.

Mvua bandarini, kwa mfanyakazi wa vyumba, ni kazi maradufu. Wageni hutoka asubuhi kwa tamaa, saa sita wamesharudi, wamelowa hadi soksi. Taulo haziishi. Makoti yananing'inia bafuni, maji yanatiririka kwenye zulia, na mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, alinishika mkono akaniomba radhi kwa matope aliyoyaacha. Sijamsahau. Saa saba nilipata nafasi hadi saa kumi, na yule dada wa Cebu naye vilevile. Miavuli yote ya meli walikuwa wameichukua wageni. Tukatoka hivyohivyo.

Kutoka gati la Skolten hadi Bryggen ni mwendo wa dakika chache tu. Bryggen ni safu ya nyumba za mbao zenye paa za pembe, nyekundu na manjano, zimesimama bega kwa bega ukingoni mwa maji. Wafanyabiashara Wajerumani wa Hansa, muungano wa kibiashara wa miji ya kaskazini mwa Ulaya, waliweka kituo chao hapo tangu karne ya 14. Moto wa mwaka 1702 uliziteketeza, zikajengwa upya kwa ramani ileile ya zamani, na UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 1979. Hayo niliyasoma kwenye kibao. Tulipofika mvua ikazidi, tukajibanza ndani ya kichochoro, chini ya roshani ya mbao, na hapo tukakaa karibu saa mbili.

Katika bandari nyingine zote nilikimbia. Napiga picha tano, natafuta intaneti, narudi. Hapa mvua ilinikalisha mahali pamoja, na ndipo nilipoanza kuona. Kwanza ilikuja harufu: mbao kuukuu, unyevu na lami. Nikafumba macho nikajiona mdogo, Bandari ya Zamani kule Mombasa, mafundi wakipaka jahazi sifa, yale mafuta ya papa. Kisha nikaona mihimili iliyotokeza juu ya milango ya ghorofani, ya kuvutia mizigo kwa kamba. Na mzigo wenyewe, kwa karne nyingi, ulikuwa samaki mkavu. Chewa wa kaskazini, kutoka visiwa vya Lofoten, huanikwa juu ya miti bila hata chembe ya chumvi tangu Februari hadi Mei, na upepo wa baridi humkausha hadi anagonga kama kuni. Nembo ya kituo kile cha Hansa ilikuwa nusu tai, na nusu nyingine samaki huyohuyo, kavalishwa taji!

Dukani karibu yetu walikuwa wametundika mmoja. Mwenzangu alimgusa ubavuni kwa kidole akasema, "Buwad," ndivyo wanavyomwita samaki mkavu kwao Cebu. Nikamwambia kwetu ni ng'onda, na akiwa papa twamroweka, twamchemsha kumtoa chumvi, ndipo twamtia tui. Tukaanza kuelezana mapishi, kwa Kiingereza chetu cha kazini, mate yakitujaa mdomoni. Miezi minane tulikuwa tumelala juu na chini kwenye kabini moja, na sikuwahi kumuuliza kwao wanakula nini.

Alinisomea kingine kwenye kibao. Wale wafanyabiashara hawakuruhusiwa kuwasha moto ndani ya nyumba zile kwa kuhofia mbao. Kupika na kuota joto walikwenda kwenye jengo la pembeni, wote pamoja. Tukatazamana. Nasi kabinini hatukuruhusiwa pasi wala birika la umeme, kwa hofu hiyohiyo. Baridi ya watu wale niliihisi mgongoni.

Saa nane na nusu nilimpigia mama. Mombasa ilikuwa saa tisa na nusu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho ni nini chavuma hivyo? Uko jikoni wakaanga?"

"Ni mvua, mama."

Kimya kidogo. Kisauni wiki ile mfereji ulikuwa haujatoa maji siku nyingi, vuli bado, na mama alikuwa akinunua maji kwa mtungi, yanayoletwa kwa mkokoteni.

"Mvua yote hiyo?" akaniuliza. "Na maji yake yaenda wapi?"

"Yaingia baharini, mama."

"Yote?"

"Yote."

Nikamsikia akimwita dada yangu aje. "Hebu itoe simu nje," akasema, "tusikie vizuri." Nikanyoosha mkono hadi ukingoni mwa paa, pale maji yalipokuwa yakidondoka juu ya mawe. Mkono wa sweta ulilowa hadi kwenye kiwiko. Mwenzangu alinionyesha saa yake, kisha akaacha. Bando lilikuwa linakaribia kuisha, nikairudisha simu sikioni ili niage.

"Usikate," mama alisema. "Iache palepale."