Imbwa yangu inajikojolea usingizini

Swali: Dokta, niko Himbi hapa Goma. Imbwa yangu ni jike, ilishafungwa kizazi, ikilala tu kitambala chake kinaloa chapachapa, ikiamka inakinusa inashangaa, sasa bwana yangu anataka kuichapa. Nifanye nini?

Jibu: Mama, ambia papa aache fimbo, imbwa haijui hata kama imekojoa. Kwa jike iliyofungwa kizazi mara mingi ni ule musuli wa kufunga kibofu unalegea juu ya homoni kupunguka, na dawa iko, ila kwanza peleka mukojo wa asubuhi kwa veterineri apime maambukizo na sukari, zaidi sana kama inakunywa maji mingi. Maji usiinyime hata! Tandika nailoni chini ya kitambala, uoshe imbwa upande wa nyuma na uikaushe, mukojo unachoma ngozi.