Singe za Mwingereza: Maswali Yenu

Nimeuziwa singe yenye mhuri wa 1907. Ilitengenezwa mwaka huo?

Hapana. 1907 ni jina la mtindo, na mtindo wenyewe ulipitishwa Januari 1908, kwa ajili ya bunduki fupi ya Lee-Enfield. Soma shina la ubapa, karibu na mpini: taji, herufi GR za Mfalme George, 1907, halafu tarakimu ndogo. 4 na 17 ni Aprili 1917. Chini yake huwa jina la kiwanda: Wilkinson, Sanderson, Chapman, Vickers, au EFD ya Enfield. Geuza. Upande wa pili utaona mshale wa mali ya serikali, na X ya kuthibitisha kwamba ubapa ulipindwa kwa majaribio ukarudi ulivyokuwa. Mishale miwili iliyogusana ncha maana yake serikali ilishaiuza. Simulizi za muuzaji zisikilize baadaye.

Yenye kulabu kwenye kikingio cha mkono inauzwa ghali sana. Kwa nini?

Kwa sababu zimebaki chache. Za mwanzo zilikuwa na kulabu. Mwaka 1913 ikaondolewa, na nyingi zilizokuwa kazini zikakatwa zilipopelekwa kwa matengenezo. Hapo ndipo mafundi wa kuchomelea wanapojipatia riziki. Ukiona singe iliyotengenezwa Uingereza yenye tarehe ya 1917 na kulabu maridadi, rudisha pochi mfukoni.

Babu alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, akapigana Burma. Singe yake ni fupi kuliko ninazoziona picha, imeandikwa RFI. Kuna mtu aliikata?

Ndiyo, aliyeikata ni jeshi lenyewe. RFI ni kiwanda cha bunduki cha Ishapore, India. Ubapa wa kawaida ni inchi 17, kama sentimita 43. Katika Vita ya Pili India ilizifupisha hadi kama inchi 12, maana panga refu ni usumbufu msituni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya KAR, ilikuwa bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, kwa hiyo alama hiyo inaendana vizuri na habari za babu. Usiiuze. Andika jina lake, kikosi na namba yake ya jeshi kama ipo, uviweke pamoja na singe, kwa kuwa bila karatasi hiyo mjukuu wako ataona chuma tu.

Nina nyingine kama msumari mnene, haina makali. Ni singe kweli?

Ni singe ya bunduki ya Lee-Enfield Namba 4, inchi 8 tu. Ya kwanza kabisa, Mk I, ina mifereji minne, ukiikata ingeonekana kama msalaba. Ikiwa na herufi SM, imetoka Clydebank, Scotland, kwa Singer, haohao wa cherehani ya bibi. Mk II ni ya mviringo tu, na imejaa sokoni.

Niisugue kwa msasa ing'ae?

Usithubutu! Msasa hufuta mihuri, na thamani yote iko hapo. Kutu laini itoe kwa mafuta mepesi ya mashine na kitambaa, polepole, uache weusi wa kale ulivyo. Mbao za mpini zipake mafuta ya kitani, kidogo sana. Na usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi: ngozi hunyonya unyevu, na kwa hewa ya Pwani kutu itarudi upesi. Viweke mbalimbali.