Bendi Safarini Japani: Majibu ya Maswali Yenu

Tangu nilipoandika kuhusu ziara yetu ya miji saba nchini Japani, barua hazijakatika. Nimechagua zinazogusa wengi. Zile zinazouliza "Japani wanalipa kiasi gani" nimeziweka kando. Malipo yako yamo kwenye mkataba wako, na kama huna mkataba, soma jibu la kwanza mara mbili.

Promota wetu wa Tokyo anasema tuingie kwa viza ya utalii, ya kazi itashughulikiwa tukishafika. Tuko wanane. Tumkubalie? (Kiongozi wa bendi, Mombasa)

Msimkubalie. Hili nimelijibu mara tatu mwaka huu na bado linarudi.

Kupiga muziki kwa malipo Japani ni kazi, na kazi hiyo ina viza yake, wanaiita *kogyo*, viza ya wasanii. Mwenyeji aliyeko Japani ndiye anayekwenda Uhamiaji kuwaombea cheti cha kustahiki. Kikitoka anawatumieni, nanyi mnakipeleka ubalozini kuomba viza. Kazi ya kwanza ni yake, si yenu. Promota anayewataka mtangulie kwa viza ya utalii ni mtu asiyetaka jina lake lionekane kwenye karatasi ya serikali, na mtu huyo hatakuwa na haraka ya kutia saini karatasi yenu. Mkikamatwa mnaweza kufukuzwa nchini, na anayefukuzwa kwa mara ya kwanza hufungiwa mlango miaka 5. Yeye atabaki Tokyo akitafuta bendi nyingine.

Mkishapata viza, rudini kwenye mkataba, kifungu cha malipo. Msanii mgeni asiye mkaazi hukatwa kodi ya 20.42% kabla fedha hazijamfikia. Ukiandikiwa yeni 300,000, mkononi utapata 238,740. Ulizeni mapema: kiasi hiki ni kabla ya kodi au baada? Hoteli ni ya nani? Usafirishaji wa vyombo je? Mimi nimeshuhudia bendi ikimaliza ziara ya wiki 2 mpiga besi akidaiwa nauli na wenzake, kwa sababu maswali haya matatu yalionekana ni ya kumkosea adabu mwenyeji. Mwenyeji mwema hakasiriki kuulizwa.

Tununue ile pasi ya treni ya wageni? (Arusha)

Hapana. Pasi ile ni ya walioingia kwa matembezi ya muda mfupi, na ninyi mtakuwa na viza ya wasanii. Halafu Oktoba 2023 pasi ya siku 7 ilipandishwa hadi yeni 50,000. Kateni tiketi za kawaida.

Nina amplifaya yangu niliyoizoea, siwezi kupiga solo bila hiyo. Nije nayo? (Mpiga gitaa, Mwanza)

Iache nyumbani. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230 au 240. Amplifaya yako itakosa nguvu, na ukitafuta transfoma ya kuipandishia umeme utakuwa unabeba chuma kizito kutoka jukwaa hadi jukwaa. Kumbi ndogo za huko, wanazoziita *raibu hausu*, karibu zote zina vyombo vyao: ngoma kamili, amplifaya ya besi, na kwa gitaa Roland JC-120 iliyosimama kwenye kona kama mzee wa mtaa. Jifunze kuipiga hiyo. Sauti yake ni safi na pana, kwa solo za dansi na rumba inafaa kabisa, na ni ile ile kila mji.

Wapiga kinanda, tazameni adapta zenu. Ikiandikwa 100–240 hamna shida. Nchi ile pia imegawanyika: mashariki, Tokyo ikiwemo, umeme ni wa hezi 50, na magharibi, Osaka ikiwemo, ni 60, kwa sababu karne ya 19 Tokyo ilinunua majenereta Ujerumani na Osaka ikanunua Marekani. Vyombo vya kisasa havijali. Ogani ya zamani yenye mota ndani hujali, maana mota ikibadili mwendo, sauti nayo hupanda au kushuka.

Bango la onyesho letu limeandikwa 25:00. Wamekosea? (Zanzibar)

Hawajakosea. Ni saa saba usiku, baada ya usiku wa manane wa tarehe iliyo kwenye bango. Wewe uliyezoea saa zetu za Kiswahili, andika kila muda kwa namna zote mbili na uubandike kwenye mlango wa chumba.

Lakini maonyesho mengi ya kumbi ndogo huanza saa 12 na nusu au saa 1 jioni na kwisha kabla ya saa 4 usiku, ili watu wawahi treni ya mwisho. Kazi yenu inaanza mchana. Kujaribu vyombo hufanywa kinyumenyume: bendi itakayopiga mwisho hujaribu kwanza, ili itakayopiga kwanza ikimaliza kujaribu iache vyombo vyake palepale jukwaani.

Siku moja Osaka tulichelewa dakika 20. Sisi ndio tulikuwa wa mwisho kupiga, kwa hiyo wa kwanza kujaribu. Bendi nne zilisimama ukutani zikitungoja, na vijana waliokuwa wafungue usiku ule wakabakiwa na dakika tano tu za kujaribu. Hakuna aliyetugombeza. Fundi mitambo aliinamisha kichwa, akaendelea na nyaya zake. Ukumbi ule haukutuita tena, na aibu ile ningali nayo.

Ni kweli bendi hulipa ili ipige? (Nairobi)

Za kwao, nyingi ndiyo. Mfumo unaitwa *noruma*: ukumbi unawapa tiketi kadhaa za kuuza, zisizouzika mnazilipia wenyewe mfukoni. Mimi naupinga, maana unamfanya mwanamuziki kuwa mteja wa ukumbi. Bendi iliyoalikwa kwa mkataba isikubali kuubeba. Na zile yeni 500 au 600 ambazo kila mtu hulipia kinywaji mlangoni ni za ukumbi, msizipigie hesabu.

Rafiki zangu walipiga Tokyo, watu wakakaa kimya kama wako msibani. Hawakupenda? (Tanga)

Walipenda. Kule watu husikiliza. Wimbo ukiisha wanapiga makofi, kisha kimya, wanangoja unachotaka kusema. Mwimbaji wa taarabu aliyezoea kutunzwa katikati ya ubeti anaweza kuvunjika moyo, akaanza kupayuka ili awaamshe. Asifanye hivyo. Kimya kile ni nafasi ya kuimba kwa sauti ndogo, jambo ambalo kumbi zetu hazitupi.

Kutunza kwao kuko mlangoni, kwenye meza ya bidhaa. Mashabiki Wajapani bado wananunua CD, wanapanga foleni, wanataka saini na jina lao. Shukeni wenyewe mezani, nyote, hata mpiga tumba aliyelowa jasho. Bendi zinazojifungia chumbani baada ya onyesho zinaacha riziki yao mezani.

Tutaendesha wenyewe kati ya miji? (Nakuru)

Gari mnalijua, ni Haisi, ile ile inayobeba abiria kwetu, na wanaendesha kushoto kama sisi. Lakini leseni ya kimataifa wanayoitambua ni ya Mkataba wa Geneva wa 1949 wa usafiri wa barabarani peke yake, ya mkataba wa 1968 haifai. Chukueni dereva wa huko. Tokyo hadi Osaka ni takriban kilomita 500 za barabara ya kulipia, na mtu aliyetoka kupiga ngoma kwa saa mbili asikabidhiwe usukani usiku huo. Bendi nyingi duniani zimezika wenzao kwa uamuzi huo mmoja.

Chakula cha Waislamu kinapatikana? (Lamu)

Kinapatikana ukikitafuta mapema. Supu ya *tonkotsu* ni ya mifupa ya nguruwe, na michuzi mingi hutiwa *mirin* au *sake*, ambavyo ni vileo. Jifunzeni herufi mbili, 豚 ya nguruwe na 酒 ya kileo, zitawafaa kila dukani. Tokyo kuna msikiti mkubwa Yoyogi-Uehara, na wa Kobe upo tangu 1935.

Miraa kidogo ya safarini? (Meru)

Usithubutu, wala bangi. Paul McCartney, aliyekuwa wa bendi ya Beatles, alikamatwa na bangi uwanja wa Narita Januari 1980, akalala rumande siku 9 na ziara nzima ikafutwa. Na tangu Desemba 2024 hata kuivuta tu ni kosa la jinai. Dawa za hospitali pia ulizeni ubalozini kabla ya kufunga sanduku, zipo za mafua na za maumivu zinazozuiwa.

Tujifunze Kijapani gani? (Bagamoyo)

Maneno matatu. Ukiingia ukumbini sema *ohayo gozaimasu*, "habari za asubuhi", hata kama ni jioni, ndiyo desturi ya watu wa jukwaani. Kabla ya kujaribu vyombo mwambie fundi mitambo *yoroshiku onegaishimasu*, kwamba unajiweka mikononi mwake. Kazi ikiisha, kwa kila mtu mpaka anayefagia, *otsukaresama desu*. Hilo ni "poleni na kazi", na mtaitikiwa.