Muulize Mama Muuguzi: Bango la mapafu meusi litawaachisha wanafunzi vepu?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya afya kwenye shule ya sekondari hapa Dodoma mjini. Tumekuwa tukiwakamata wanafunzi na vepu, zile sigara za kielektroniki, nyingine zinanukia embe, nyingine zabibu. Klabu imechora bango lenye mapafu meusi, fuvu la kichwa na maandishi makubwa: VEPU INAUA. Mkuu wa shule anataka hilohilo lipelekwe pia kijiwe cha bodaboda, kliniki ya wajawazito na kikao cha wazazi, maana fedha iliyopo ni ya kazi moja tu. Litafaa?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuwaachia watoto wenyewe wachore. Ila hilo msilichapishe.

Yale mapafu meusi ni ya mtu aliyevuta sigara ya tumbaku miaka mingi, na mwanafunzi wako anajua. Yeye anavuta kitu kisicho na majivu, kinanukia embe, na mwenzake aliyevuta jana leo kacheza mpira mpaka jioni. Ukimwonyesha ugonjwa wa sigara ukauita wa vepu, ataingia kwenye simu, atakuta umetia chumvi, na kuanzia hapo hata la kweli ukimwambia hatalisikia. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu la kweli lipo na linatosha.

La kweli ni nikotini, kile kilevi cha tumbaku kinachomfanya mtu ashindwe kuacha. Chukua moja ya hizo mlizowanyang'anya uisome ubavuni. Nyingi zimeandikwa 5%. Kijana akiona asilimia tano anaona ni kidogo. Kumbe hiyo ni kama miligramu 50 za nikotini katika kila mililita moja ya kimiminika chake, wakati nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka ukomo wa miligramu 20. Yaani alichonacho mfukoni kinazidi mara mbili ya kile anachoruhusiwa kuuziwa mtu mzima kule. Na onyo, kama lipo kwenye boksi, utalikuta kwa Kiingereza. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unataka maonyo ya bidhaa za tumbaku yawe kwa lugha kuu ya nchi na yawe yanabadilishwa kwa zamu, kwa sababu onyo lilelile kila siku macho huliruka. Basi nanyi fuateni hivyo.

Kwa wanafunzi ningeandika: "5% si kidogo. Ukiitafuta kabla hujaswaki, nikotini ndiyo inayokutuma." Chini yake, kwa herufi ndogo, mwelezeni kwamba ubongo unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25, na nikotini inagusa sehemu za umakini na kujifunza. Mtoto wa kidato cha pili hana hofu ya saratani ya uzeeni. Ila kutumwa na kitu, hilo hapendi hata kidogo. Msichore vepu yenyewe, wala wingu la mvuke, wala matunda. Kwa aliyekwisha kuionja, picha hizo zinaamsha hamu. Na mahali pa kubandika ni vyooni, maana ndiko wanakovutia. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipoanza kampeni yake ya vepu kwa vijana mwaka 2018 ilipeleka mabango kwenye vyoo vya shule za sekondari.

Watakuuliza kuhusu vifo vya wavuta vepu wa Marekani. Ni kweli, kuanzia 2019 hadi Februari 2020 watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufariki kwa ugonjwa wa mapafu, na 68 kati yao walikufa. Lakini wengi walikuwa wamevuta mafuta ya bangi kwenye vepu zao, na kilichohusishwa zaidi ni vitamini E asetati iliyochanganywa humo. Mkilitaja, litajeni zima.

Bodaboda ni habari nyingine kabisa. Wengi pale kijiweni wanavuta sigara tayari. Ukimwambia vepu inaua, atasema afadhali sigara yangu, na hapo utakuwa umemwumiza kuliko kunyamaza. Huyu aambiwe: aache vyote viwili ndiyo bora kuliko yote, vepu haichomi tumbaku, hivyo sumu nyingi za moshi wa sigara humo ni chache zaidi, lakini si salama, na akivuta vyote kwa pamoja, moshi wa sigara unaendelea kumla. Maneno haya msiyabandike ukutani, wanafunzi wanapita hapo na watayasoma kama ruhusa. Mpeni mkononi, au mwenyekiti wa kijiwe awaruhusu mzungumze.

Kliniki inatosha sentensi moja: nikotini inamfikia mtoto tumboni na inaathiri ubongo wake, itoke kwenye vepu, sigara au ugoro. Huo ugoro msiusahau, kina mama wengine huku kwetu wanaunusa na hawauhesabu kuwa tumbaku.

Wazazi ndio pekee wanaohitaji picha ya kifaa. Mama anafua sare, anakuta kitu kama flashi mfukoni, anakirudisha. Mwonyesheni kilivyo. Mwambieni pia kwamba kile kimiminika kinanukia pipi na mtoto mdogo akikinywa ni sumu. Asisubiri dalili, amkimbize hospitali na ile chupa mkononi.

Fedha isiwatishe. Bei ya bango moja la rangi inatoa kopi nyingi za A4 nyeusi na nyeupe kwa mtu wa steshenari, na maneno haya hayahitaji rangi. Kabla ya kutoa kopi, mpe karatasi mwanafunzi asiye wa klabu yenu, aisome, kisha uichukue na umwombe akueleze kwa maneno yake. Akisema "wanatukataza kuvuta", kaeni muandike upya. Akisema "kumbe asilimia tano ni nyingi", pelekeni kwa kopi siku hiyohiyo.