Bekommen, become na ukoo wao: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo wote hapa nyumbani, mama yako anakusalimu sana.

Swali lako limenifurahisha. Umeniambia kwamba asubuhi wodini mkuu wako wa zamu alimwuliza mgonjwa kwa Kijerumani, „Ist Ihnen das Essen bekommen?“, yaani chakula kimekukubali?, nawe ukakwama. Ulifundishwa kuwa bekommen ni kupata, na hapo mgonjwa hakupata kitu. Chakula ndicho kilichokuwa kinafanya kitendo. Halafu ukakumbuka kwamba Waingereza nao wana become, neno lile lile kwa sura, lakini kwao ni kuwa. Ukauliza: inakuwaje kitenzi kimoja kikawa na maana tatu zisizojuana, na ni nani kati yao aliyepotoka?

Hakuna aliyepotoka, mama. Na maana hizo zinajuana vizuri sana.

Anza na mzizi. Mjerumani anasema kommen, Mholanzi komen, Mswidi komma, Mdenmaki komme, Mwaislandi koma, Mwingereza come. Wagothi, watu wa kale wa Ulaya ambao lugha yao ndiyo ya kwanza katika ukoo huu wa lugha kutuachia maandishi marefu, walisema qiman. Ni kitenzi kimoja, na maana yake katika lugha zote hizo ni kuja. Sasa kibandike kiambishi be-. Hiki zamani kilikuwa bi, ndugu wa bei ya Kijerumani na by ya Kiingereza, yaani kando ya kitu, karibu nacho. Kazi yake kubwa ni kukipa kitenzi mtu au kitu cha kukielekea. Steigen ni kupanda. Besteigen ni kuupanda mlima fulani. Wohnen ni kukaa mahali. Bewohnen ni kuikaa nyumba ile.

Wewe jambo hili unalo kinywani tangu utoto. Kuja, kisha kujia. Mgeni anakuja, lakini usingizi unanijia, wazo limemjia. Ile kauli ya kutendea inafanya kazi inayokaribiana sana na ile ya be-. Ushahidi wake mzuri kuliko wote ninaoujua uko katika Biblia ya Kigothi, aliyoitafsiri Askofu Wulfila katika karne ya 4. Katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 5, mstari wa 3, Paulo anasema kwamba watu watakapodhani kuna amani na salama, ndipo uharibifu utakapowashukia. Wulfila ameandika hapo biqimiþ. Fungua Biblia yako ya Kiswahili, ile ya Union Version, usome mstari huo huo: uharibifu „uwajiapo kwa ghafula“. Bi na qiman kule, ja na kiungo chake cha kutendea huku. Watafsiri waliotengana kwa karne nyingi na bara zima, kila mmoja akaliona jambo lile lile katika lugha yake. Mimi mstari huo huwa naurudia kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo maana ya zamani ni kumjia mtu, kumfikia, kumtukia. Kutoka hapo njia ziligawanyika, na kilichozigawa ni nani anamfikia nani.

Njia ya kwanza ni kitu kumjia mtu, kwa heri au kwa shari. Ndiyo aliyoitumia mkuu wako: chakula kimemfikiaje mgonjwa, kimemkubali au kimemsumbua? Ukisikia chakula kinaitwa bekömmlich, ujue kinakubalika tumboni. Wadenmaki wameishikilia njia hii kwa adabu ya mezani: mgeni akishashukuru kwa chakula, mwenyeji humjibu Velbekomme, yaani kikujie vyema. Mholanzi akikuonya kwamba jambo fulani litakutokea puani, husema dat zal je slecht bekomen. Mswidi akisema kitu hakimbekommi, ana maana hakimshughulishi kabisa. Na Mwingereza, uliyemdhania mgeni katika jambo hili, naye yumo: akimsifu mtu kwamba nguo imemkaa vizuri, anaweza kusema it becomes you. Tawi hilo katika Kiingereza limebaki kwenye sifa za mavazi na mwenendo.

Njia ya pili ni mtu kukifikia kitu. Aliyefika kwenye kitu anaweza kukishika, na aliyekishika amekipata. Kijerumani cha Zama za Kati kilielemea huku, na leo ndiyo maana ya kwanza darasani: einen Brief bekommen, kupata barua. Usiione kuwa ya ajabu, kwa maana kupata kwetu kunabeba mizigo yote miwili. Amepata kazi, lakini pia yamempata makubwa. Katika ya kwanza mtu ndiye anayefika. Katika ya pili mambo ndiyo yanayomfikia. Na ndiyo maana sentensi kama sie bekommt ein Kind na er bekommt Fieber hazikukusumbua hata siku moja. Sisi pia tunasema amepata mtoto, amepata homa.

Njia ya tatu ni mtu kuifikia hali. Kiingereza cha Kale kilikuwa na becuman, na kazi yake ilikuwa kufika mahali na kutukia, kama ndugu zake wa bara. Kuanzia karne ya 12 hivi kikaanza kutumika kwa mtu aliyefika katika hali mpya: mgonjwa, tajiri, mfalme. Tazama jinsi sisi tunavyosimulia maisha ya mtu: alikuwa mchungaji wa mbuzi, baadaye akaja kuwa daktari. Kuja kuwa. Wafaransa nao wana devenir, na venir iliyomo ndani yake ni kuja.

Nakuomba ukae kidogo kwenye jambo moja, kwa sababu hapo historia yote inaonekana kwa macho. Mkuu wako hakusema hat, alisema ist. Ulinakili vizuri, labda bila kugundua. Barua ukiipata utasema ich habe einen Brief bekommen. Chakula kikikukubali utasema das Essen ist mir gut bekommen. Kitenzi ni kile kile na umbo lake ni lile lile, ila kisaidizi kimebadilika. Sasa kumbuka ulichofundishwa: vitenzi vya mwendo kama kommen huchukua sein, ambayo sura yake moja ni ist, navyo vitenzi vyenye mtendwa wake huchukua haben, ambayo sura yake moja ni hat. Chakula kilichokukubali bado kinahesabiwa kuwa kimekuja, ndiyo maana kinasema ist. Aliyepata barua amekwisha kuacha kuja. Ameshika kitu mkononi, akahamia kwa haben. Mjerumani wa leo anapozungumza hafikirii haya hata kidogo, lakini ulimi wake unatenganisha njia mbili zilizoachana mamia ya miaka iliyopita, na haukosei.

Utaniuliza: kama Waingereza waliichukua become kwa ajili ya kuwa, kabla ya hapo walisemaje? Walikuwa na weorðan, ndugu wa werden, yaani kuwa, unayoitumia kila siku na wa worden ya Kiholanzi. Mzizi wake wa kale kabisa ni kugeuka. Kilatini kina vertere, kugeuza, kutoka mzizi huo huo. Ukisema rückwärts, kuelekea nyuma, au vorwärts, kuelekea mbele, lile -wärts la mwisho ni la ukoo huo, yaani kuelekea kule ulikogeukia. Mtu aligeuka akawa kitu kingine. Na sisi twasema amegeuka mkali siku hizi. Kiaislandi kimekihifadhi kwa sura ya verða, na katika hadithi za kale za Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, mmoja wa wanawake watatu wanaopanga majaliwa ya watu anaitwa Verðandi, kile kinachoendelea kuwa. Mwenzake Urðr anatoka katika shina hilo hilo, na ndipo ilipotoka pia wyrd ya Kiingereza cha Kale, yaani majaliwa, ambayo leo ni weird.

Kiingereza chenyewe kikakiacha kitenzi hicho. Hadi mwisho wa Zama za Kati kilikuwa kimefifia, na become ikakaa mahali pake. Lakini katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Ezekieli sura ya 30, utakuta Woe worth the day. Wengi husoma wakidhani worth hapo ni thamani. Siyo. Ni weorðan: ole na iwe juu ya siku ile. Huwa nasikitika kidogo kwamba neno lililofanya kazi kubwa namna ile limebaki katika msemo mmoja ambao hata wenyewe hawauelewi.

Waskandinavia wa bara, yaani Waswidi, Wadenmaki na Wanorwe, walipita njia nyingine tena, na hii naiona nzuri kuliko zote. Mswidi haendi na werden wala become, anasema bli. Jag blir läkare, nakuwa daktari. Neno hilo walilichukua kutoka Kijerumani cha Chini, yaani cha kaskazini, lugha ya wafanyabiashara wa Lübeck na miji mingine ya Hansa, ule umoja wa miji ya biashara, waliojaa Stockholm na Bergen. Kwa Kijerumani chako ni bleiben, kubaki! Mdenmaki amebaki na maana zote mbili: jeg bliver her ni nabaki hapa, na jeg bliver læge ni nakuwa daktari. Inawezekanaje kubaki kukawa kuwa, wakati abakiye habadiliki? Fikiria tunavyosema mume akifariki: mke akabaki mjane. Hakuwa mjane kabla. Tunatazama hali aliyoachwa nayo baada ya tukio, na neno la kubaki linabeba badiliko bila sisi kuona ugumu wowote. Watoto wakabaki yatima. Ndivyo ilivyokwenda kule pia. Na ukiitazama bleiben kwa karibu, ile b ya mwanzo ni be- yetu ile ile, imemezwa na neno.

Kwa hiyo kugeuka, kuja na kubaki, kila lugha ilichagua mlango wake wa kuingilia katika kuwa, na Kiswahili kina milango yote mitatu wazi.

Sasa la kazini, maana najua utanidai. Ukienda kwa wenzako wa Uholanzi, kupata kwao ni krijgen, ndugu wa kriegen utakayoisikia kwa Wajerumani wakiwa katika maongezi ya kawaida. Kwenye ripoti ya zamu andika bekommen au erhalten. Na ukiwa unaongea Kiingereza na wageni usiseme I become medicine. Wajerumani wengi huteleza hapo, nawe usiwafuate.

Kuna matumizi moja ambayo kitabu chako cha kwanza hakikuyataja nadhani, nawe wodini utayahitaji sana: Der Patient bekommt den Verband gewechselt. Ukiitafsiri neno kwa neno inavunjika. Lakini kwa Kiswahili ni neno moja tu la kitendo: mgonjwa anabadilishiwa bandeji. Er bekommt die Haare gewaschen, anaoshwa nywele. Sie bekommt die Tabletten gebracht, analetewa vidonge. Bekommen hapo inamtanguliza yule anayefanyiwa, kama inavyofanya kauli yetu ya kutendewa. Kwa hiyo ukitaka kuitunga, ianze sentensi kwa Kiswahili. Kama kuna mtu anayeletewa, anayebadilishiwa au anayeelezewa kitu, mara nyingi bekommen itakubali. Jaribu kwa shughuli za asubuhi moja, kisha niandikie sentensi ulizozipata tuzitazame pamoja.

Baba yako