Muulize Fundi wa Visu: Sumaku si shahidi

Swali: Fundi, shikamoo. Babu yangu alikwenda vita vya Burma na KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, akarudi na kisu cha kukunja. Mpini ni mweusi, una mirabaraba, na mgongoni pana mwiba mrefu wa chuma. Bapa lote limeingia weusi, ila karibu na bawaba nasoma “Sheffield” na kuna kimshale. Kijana anayenunua vitu vya kale alikigusisha sumaku, ikanata. Akasema, “Si stenlesi hii, haina bei.” Mwingine anataka kukipitisha kwenye grinda aone cheche. Nimsikilize nani?
*Mjukuu, Tanga*

Jibu: Marahaba, mjukuu. Huyo wa grinda mfungie mlango. Cheche husema kweli, sikatai: pua ya kaboni, yaani chuma kigumu cha visu kisicho stenlesi, hurusha nyingi, nyeupe, zinazopasuka matawi matawi, stenlesi hutoa chache, fupi, zenye wekundu. Lakini kila cheche ni kipande cha kisu cha babu kinachoruka, na mkusanyaji akishaona mkwaruzo wa jiwe hajadili bei tena, anaondoka.

Kijana wa sumaku amebahatisha. Stenlesi isiyonata sumaku ni ile ya masufuria mengi na masinki. Ya visu lazima ikubali kuchomwa na kuzimwa ipate ugumu, na hiyo hunata sawasawa na pua ya kaboni. Sumaku basi haikumwambia kitu.

Jibu umeliandika mwenyewe: bapa limeingia weusi. Stenlesi hata ikae sandukuni miaka themanini haivai weusi wa namna hiyo. Kimshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na visu vya jeshi vya vita ile vyenye mpini mweusi kwa kawaida vilikuwa vya pua ya kaboni. Stenlesi ilikuwapo, maana Harry Brearley aliianzisha hapo hapo Sheffield mwaka 1913, ila waliokuwa nayo kwa kawaida walijivunia na kuligonga neno lenyewe kwenye bapa. Tazama pia kama kuna mwaka umegongwa. Mara nyingi upo.

Kuhusu kukosa bei, hilo ni la kijana na mfuko wake. Wanaokusanya visu vya jeshi wanataka weusi huo huo. Usiguse msasa, usipake ndimu wala siki. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, basi.

Swali: Mzee, nipo Houston. Nimeuziwa Buck 110 ya zamani, kisu cha kukunja cha kampuni ya Buck ya Marekani, muuzaji kaapa bapa ni 440C, aina ya stenlesi. Pembeni mwa namba 110 kuna kialama. Nikipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wakipige ile bastola yao ya kupima madini?
*Mkusanyaji mpya*

Jibu: Bastola itakusomea kromiamu vizuri, lakini kaboni haiioni. Na 440A, 440B na 440C zote zina kromiamu asilimia 16 hadi 18. Kinachozitenga ni kaboni: A huanzia 0.60, C hufika hata 1.20. Kwa hiyo ukiambiwa tu “ni 440”, hujaambiwa kitu.

Soma shina la bapa. Buck 110 ilitoka mwaka 1964, na toleo la kawaida lilitumia 440C hadi 1981. Ikaja 425M, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaingia 420HC. Vialama vya mwaka pembeni mwa namba vilianza 1986. Chako kina kialama, kwa hiyo kama kweli ni kialama cha mwaka na kisu ni toleo la kawaida, 440C ilikuwa imeshaachwa miaka mitano au zaidi kabla hakijazaliwa. Matoleo maalumu huwa na pua nyingine, lakini hayo mara nyingi jina la pua huandikwa wazi kwenye bapa.

Si kisu kibaya. 420HC ya Buck hupikwa vizuri na kunoa ni rahisi kuliko 440C. Mimi mwenyewe ningeichagua kwa kazi. Ila kama pesa hujamaliza kulipa, mrudie muuzaji na jedwali la vialama vya Buck mkononi, mkae mpange upya.