Kabla ya kununua tipa iliyotumika, ipime ikiwa tupu

Mkuu, umeuliza kama tipa ya tairi kumi yenye bodi ya mita za ujazo 15 inaweza kukubebea tani 25 kihalali, kama muuzaji anavyokuahidi. Haiwezi, na hesabu nitakuwekea hapa. Nimenunua tipa zilizotumika na kuziingiza kazini kwa miaka mingi, na kitu ninachokitafuta kabla ya chochote ni uzito wa gari likiwa tupu. Injini inatengenezeka. Uzito wa chuma utaendelea kukula mzigo wako kila safari mpaka siku utakapoliuza.

Tani 25 huenda ni uwezo wa kiwandani. Kwenye kibati cha kiwanda, mara nyingi mlangoni au kwenye chasi, kuna uzito wa mwisho ambao gari lilitengenezwa kuuhimili, wa jumla na wa kila ekseli, yaani ule mhimili unaoshika tairi za pande mbili. Tipa nyingi za machimbo zimetengenezwa kubeba kuliko barabara inavyoruhusu. Ndani ya machimbo huo uwezo utautumia, ila ukiingia barabara ya umma sheria inachukua nafasi, na kati ya kibati na sheria unafuata namba iliyo ndogo. Sheria zenyewe zinatofautiana. Kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki ekseli mbili za nyuma zenye tairi nane zinaruhusiwa tani 18 kwa pamoja. Marekani, kwenye barabara kuu zinazounganisha majimbo, ni pauni 34,000, yaani kama tani 15.4. Kwa hiyo chukua viwango vya kule utakakofanyia kazi, usichukue vya muuzaji.

Tuchukue mfano ambao sheria inaruhusu tani 8 mbele na 18 nyuma, jumla 26. Tuseme gari tupu, likiwa na mafuta, dereva na tairi ya akiba, lina tani 12.4. Zinabaki 13.6 za mzigo, basi. Mchanga mkavu una kama tani 1.6 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo unapakia mita 8.5. Ukiwa umelowa unafika tani 1.9 hivi, na mzigo wako unashuka hadi mita 7 na kitu kidogo. Ile bodi ya mita 15 ukiijaza mchanga uliolowa umeweka tani 28.5 mgongoni, na gari zima linakaribia tani 41. Ndiyo maana ukubwa wa bodi haukuambii chochote kuhusu mzigo halali. Bodi kubwa inafaa vitu vyepesi. Kwa mchanga na kokoto inakushawishi tu kujaza.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka: jumla inaweza kuwa sawa na bado ukakamatwa kwenye ekseli. Endelea na mfano huo huo. Gari tupu lina tani 5.6 mbele na 6.8 nyuma, na kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya zile mbili za nyuma ni mita 4.5. Kitovu cha mzigo kikikaa sentimita 80 mbele ya katikati ya ekseli za nyuma, tani 2.4 zinaenda mbele na 11.2 nyuma. Unapata 8 na 18 kamili. Mpakiaji akimwaga sentimita 30 tu nyuma zaidi, ekseli za nyuma zinafika karibu tani 18.9. Jumla haijabadilika hata kilo moja, lakini umeshavunja sheria. Kwa gari la namna hii mimi ningepakia tani 12.5 na kumwelekeza mtu wa kijiko mahali pa kumwaga. Hizo tani 12.5 ndizo za kupigia hesabu ya biashara, pamoja na marejesho ya mkopo kama unao.

Kwa hiyo mwombe muuzaji mwende mzani gari likiwa tupu, mpime ekseli ya mbele peke yake na za nyuma peke yake. Usitegemee uzito ulioandikwa kwenye kadi, kwa sababu bodi hubadilishwa, sakafu huongezwa bati juu ya bati, na hakuna anayerudi kusahihisha karatasi. Niliwahi kuliacha gari zuri sana kwa macho, rangi safi, injini inawaka kwa mara moja. Mbavu za bodi zilikuwa zimeongezwa urefu na chasi imeunganishiwa bamba nene pande zote mbili. Hayo mabamba ni uzito ambao utaulipia, na pia yanakusimulia gari lilivyotumikishwa. Hakuna mtu anayeimarisha chasi ambayo haijawahi kulia.

Ukiingia chini, chukua tochi na kitambaa. Futa tope kwenye bawaba za nyuma za bodi, kwenye mabano ya springi na pale jeki ya haidroliki inapokaa, kisha tafuta nyufa, welding mpya, au rangi iliyopakwa sehemu moja tu. Angalia kama kuna jani la springi lililovunjika au kuongezwa, na kama yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zimeacha alama ya kutembea. Bushi za fimbo zinazoshika ekseli zikiwa zimekwisha, tairi za nyuma huliwa upande. Kisha omba bodi ipandishwe, ikiwezekana na mzigo, na isimamishwe katikati. Ikishuka yenyewe kuna mafuta yanayopita kwenye jeki au kwenye vali. Usiingie chini ya bodi iliyoinuliwa bila kizuizi cha chuma, hata kwa sekunde. Watu wanakufa hivyo, hata mafundi wazoefu.

Tairi nazo zisome. Saizi 315/80R22.5 yenye namba za uwezo wa mzigo 156/150 inabeba kilo 4,000 ikiwa peke yake na 3,350 ikiwa pacha. Ukikuta mbele zimefungwa zenye 148, kila moja mwisho wake ni kilo 3,150, mbili ni 6,300. Hapo hata sheria ikikuruhusu tani 8 mbele, tairi hazikuruhusu.

Kuhusu wale wanaosema kuzidisha kidogo hakuna madhara: majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami unapanda karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Zidisha asilimia 20, unaichosha barabara mara mbili. Breki nazo zinabaki zile zile ukiwa kwenye mteremko, na mbele yako kuna daladala iliyojaa watu. Hilo linaniuma kuliko faini.

Hilo gari unaloliangalia linaweza bado kuwa zuri, ila kwa bei ya tipa ya tani 12 au 13, si ya tani 25. Muuzaji akikataa mzani, achana naye. Akikubali, leta namba mbili za ekseli, umbali kati ya ekseli na urefu wa bodi, tupige hesabu yake kabla hujatoa hela.